Nani Alilipima Bara Zima? Namna Joto, Mvua na Misitu ya Afrika Vinavyopimwa na Kukokotolewa

Asubuhi moja ya Aprili, baada ya mvua iliyonyesha usiku kucha, nilitoka kwenda kusoma kipima mvua nilichokisimika nyuma ya nyumba yetu Kimara, Dar es Salaam. Ni chombo cha plastiki tu, chenye umbo la bilauri ndefu iliyochorwa mistari, na maji yalikuwa yamefika kwenye milimita 42. Nilipompigia simu dada yangu anayeishi Kigamboni kumuuliza kama barabara zinapitika, alishangaa, kwa sababu kwake yalipita manyunyu ambayo hata vumbi la uani hayakulilaza. Kati ya nyumba zetu mbili hakufiki kilomita 30.

Jioni ya siku hiyo redio ilitangaza kwamba tangu mwaka 1991 joto la bara la Afrika limekuwa likipanda kwa takriban nyuzi 0.3 za Selsiasi kila miaka 10. Jirani yetu, bibi mwenye umri wa kutosha kuzikumbuka mvua kubwa za mwaka wa Uhuru, akaniuliza: "Mwanangu, wewe na dada yako mvua ya jana tu hamjakubaliana. Sasa huyo aliyelipima bara zima, alisimama wapi?"

Swali hilo linastahili jibu kamili, kwa sababu watu wengi wanalo moyoni hata kama hawalisemi. Jibu fupi ni kwamba hakuna aliyesimama mahali pamoja akalipima bara. Tunachoambiwa kuwa ni hali ya Afrika ni makadirio yaliyojengwa kwa vyanzo vitatu, yaani vipimo vya ardhini, macho ya setilaiti, na hesabu za kompyuta ziitwazo modeli. Kila chanzo kina mahali kinapoona vizuri na mahali kisipoona, na sehemu kubwa ya mkanganyiko wetu hutokea tunapoipokea namba ya chanzo kimoja kana kwamba imetoka kwenye kingine.

Kabla ya kwenda mbali, maneno manne yawekwe sawa. Hali ya hewa ni yale yanayotokea angani leo na siku chache zijazo: mvua ya jana usiku Kimara, upepo wa leo Feri. Tabianchi ni mwenendo wa mahali kwa muda mrefu, na wataalamu hutumia kipindi cha miaka 30, kwa sasa 1991 hadi 2020, kuwa kawaida ya kulinganishia. Mfumo ikolojia ni viumbe wa mahali fulani pamoja na udongo, maji na hewa wanavyovitegemea, kama ilivyo mikoko ya delta ya Rufiji pamoja na kaa, kamba na tope lake. Modeli ni hesabu zinazoigiza namna hewa, bahari na ardhi vinavyopeana joto na maji, kwa kufuata kanuni za fizikia ambazo zinaweza kukaguliwa na yeyote aliyezisomea, jambo ambalo ramli haina.

Kipimo cha ardhini ndicho kikongwe, na ndicho ninachokipenda zaidi, kwa kuwa mtu wa kawaida anaweza kukielewa kwa mikono yake mwenyewe. Milimita moja ya mvua maana yake ni lita moja ya maji juu ya kila mita ya mraba. Zile milimita 42 za Kimara zilimwaga lita 42 juu ya kila mita ya mraba ya bati letu, na kwa bati lenye mita za mraba 100 hizo ni lita 4,200, zaidi ya matangi manne ya lita elfu moja. Joto nalo hupimwa kivulini, ndani ya kibanda cheupe chenye kuta za vibao vilivyoachana ili hewa ipite, juu ya nyasi, kipimajoto kikiwa kati ya mita 1.25 na mita 2 kutoka ardhini. Kwa hiyo mtu aliyesimama Kariakoo saa nane mchana, katikati ya zege na injini, akaona simu yake inaandika nyuzi 39 ilhali taarifa rasmi ilisema 33, asidhani kwamba anadanganywa. Zege la pale halina kivuli wala nyasi, na simu nyingi huonyesha pia joto ambalo mwili unalihisi baada ya unyevu kuingizwa kwenye hesabu, wakati kituo hupima joto la hewa peke yake.

Mpishi wa pilau la harusi huonja kijiko kimoja cha supu akajua chumvi ya sufuria nzima, kwa sababu chumvi imekwisha kuenea. Joto la hewa linakaribia tabia ya chumvi hiyo, na hapa ndipo lilipo jibu la kwanza la bibi, ambalo kwa bahati mbaya husemwa kwa nadra. Wataalamu hawachukui joto la Mbeya, wakalijumlisha na la Dar es Salaam na la Cairo, kisha wakagawanya. Wanachokishughulikia ni tofauti: mwezi huu Mbeya imeizidi kawaida yake kwa kiasi gani, na Dar es Salaam imeizidi kawaida yake kwa kiasi gani. Mbeya ni ya baridi na Dar es Salaam ni ya joto, lakini mwezi ambao Dar es Salaam imepata joto lisilo la kawaida, mara nyingi Morogoro na Tanga nazo zimelipata, maana hewa ileile hufunika mamia ya kilomita kwa wakati mmoja. Ndiyo sababu vituo vichache, vikitawanywa vizuri na kusomwa bila kukatiza, vinaweza kusema jambo la kuaminika kuhusu joto la bara lenye takriban kilomita za mraba milioni 30.

Mvua haiko hivyo. Mvua ni kama nyama katika pilau hilohilo: kijiko kimoja hutoka na mnofu, cha pili kikatoka kitupu. Watafiti waliwahi kukokotoa kwamba midomo ya vipima mvua vyote duniani ambavyo takwimu zake zinapatikana, ikiwekwa pamoja, haifikii hata nusu ya uwanja wa mpira wa miguu. Dunia nzima, bahari na mabara, tumeikinga kwa nusu uwanja. Na katika Afrika vituo vimekaa mbalimbali zaidi kuliko Ulaya, tena vingi vimejibana mijini na kwenye viwanja vya ndege, huku maeneo mapana ya misitu, mbuga na jangwa yakibaki bila hata kimoja. Kwa hiyo unaposikia namba mbili katika taarifa moja, ya joto la bara na ya mvua ya bara, usizipe uzito uleule. Ya kwanza ina miguu imara zaidi.

Pengo hilo ndilo ambalo setilaiti hujaribu kuliziba. Meteosat ya kwanza ilirushwa mwaka 1977, na warithi wake wamekaa umbali wa kilomita takriban 36,000 juu ya Ikweta, wakilitazama bara letu lote bila kupepesa na kutuma picha kila robo saa, na walio wapya zaidi kila dakika 10. Wengi huamini kwamba setilaiti hizo huona mvua inaponyesha, lakini sivyo. Kinachoonwa ni ubaridi wa kilele cha wingu. Katika nchi za joto, wingu refu hufika juu mahali penye baridi kali, na wingu refu aghalabu ndilo lenye mvua, hivyo kompyuta hukadiria kwamba palipo na kilele cha nyuzi karibu 40 chini ya sifuri, chini yake kunanyesha. Ni sawa na kukadiria wingi wa wateja wa mama lishe kwa kuutazama moshi wa jiko lake ukiwa juu ya ghorofa ya kumi: mara nyingi utapatia, lakini siku anayochemsha maji tu utakosea.

Nasi watu wa pwani ndio tunaokosewa mara kwa mara. Mawingu mafupi yanayosukumwa kutoka baharini, au yanayopanda miteremko ya Uluguru na Usambara, yanaweza kumwaga mvua ya kutosha bila kufika kwenye ubaridi huo, na setilaiti ikaandika kwamba palikuwa pakavu. Kinyume chake, tandiko la wingu jembamba linalobaki juu baada ya dhoruba huwa baridi sana ilhali chini yake jua limeanza kupenya. Zipo setilaiti zenye rada inayoona ndani ya wingu, mfano ile iliyorushwa mwaka 1997 mahususi kwa mvua za nchi za joto na mrithi wake wa mwaka 2014, lakini hizo huzunguka dunia na hupita juu ya mahali pamoja kwa muda mfupi tu. Kwa sababu hiyo takwimu nzuri za mvua za Afrika ni za mchanganyiko. Mkusanyo uitwao CHIRPS, ulioandaliwa katika Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, huanzia mwaka 1981 na kuligawa bara katika vipande vya takriban kilomita 5 kwa 5, ukichukua makadirio ya setilaiti na kuyasahihisha kwa vipima mvua vya ardhini popote vilipo. Pasipo na kipima mvua, hakuna wa kuisahihisha setilaiti, na ramani inabaki na rangi nzuri ambayo imesimama juu ya kukisia. Rangi haionyeshi tofauti hiyo kwa msomaji, na nadhani watengenezaji wa ramani wangetutendea haki kama wangeionyesha.

Katika mifumo ikolojia mambo yanakuwa mazito zaidi, kwa kuwa tunachotaka kukijua, yaani uzima wa mahali, hakina kipimo kimoja. Kinachotumika zaidi ni kiwango cha ukijani. Jani zima hunywa mwanga mwekundu ili kujitengenezea chakula, na hurudisha kwa wingi aina ya mwanga ambao jicho la binadamu haliuoni. Setilaiti hulinganisha mianga hiyo miwili na kutoa namba kati ya -1 na 1: mchanga na saruji hukaa karibu na sifuri, msitu mnene husogea kuelekea 1. Rekodi ya namna hii inarudi nyuma hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, na imesaidia sana kugundua ukame mapema kabla njaa haijabisha hodi.

Lakini ukijani si uzima. Miombo, misitu ya wazi iliyotanda kutoka Tabora hadi kusini mwa nchi na kuvuka mpaka, hudondosha majani wakati wa kiangazi, kisha huchipua machipukizi mekundu na ya shaba wiki kadhaa kabla ya mvua kuanza. Anayeitazama namba peke yake, bila kuijua miombo, anaweza kusema kwamba mvua zimewahi. Vilevile magugu maji yalipoivamia Ziwa Victoria kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, ghuba zilizofunikwa zilikuwa za kijani kibichi huku samaki wakikosa hewa na wavuvi wakishindwa kutoa mitumbwi. Shamba la miti ya aina moja nalo linaweza kuwa la kijani kuliko msitu wa asili uliokatwa ili kulipisha.

Ndiyo maana hata hesabu ya misitu haiwezi kuishia angani. Kati ya mwaka 2009 na 2014 Tanzania Bara ilifanya tathmini kubwa ya misitu ambamo watu waliingia porini kwa miguu, wakatembelea vipande zaidi ya 30,000 vya sampuli, na kupima unene wa miti kwa utepe katika kimo cha kifua, yaani mita 1.3 kutoka ardhini. Matokeo yalikuwa hekta milioni 48.1 za misitu na mapori. Kuhusu upotevu, namba mbili zimekuwa zikizunguka kwenye taarifa na hotuba: takriban hekta 372,000 kwa mwaka, na nyingine takriban hekta 469,000. Nimewasikia watu wakihitimisha kwamba ama wataalamu hawajui wanachokifanya, ama ukataji umepanda ghafla. Si lazima iwe hivyo. Namba za upotevu hutegemea miaka iliyolinganishwa, picha zilizotumika, na zaidi ya yote maana ya neno msitu. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa hutaka eneo la angalau hekta nusu, miti yenye uwezo wa kufikia mita 5, na vivuli vinavyofunika angalau asilimia 10 ya ardhi. Shusha kimo hicho kutoka mita 5 hadi 3, na maelfu ya hekta za vichaka yatahesabiwa kuwa msitu bila hata mti mmoja kuota. Swali la kwanza la kumuuliza mwenye namba ya misitu ni lipi ameliita msitu.

Sasa tuingie kwenye modeli, ambazo ndizo zinazotiliwa shaka kuliko vyote. Fikiria anga limegawanywa kuwa vyumba, kama jengo la ghorofa lisilo na mwisho, na kwamba katika kila chumba kompyuta inaweka joto, unyevu na upepo, kisha inakokotoa nini kitahamia chumba cha jirani baada ya dakika chache, ikirudia hivyo hadi miaka 100 itimie. Katika modeli nyingi za dunia nzima, upande mmoja wa chumba una kilomita takriban 100. Chumba kimoja kinaweza kuimeza Dar es Salaam yote, Kibaha, Bagamoyo na sehemu ya Unguja, na humo ndani mvua ni namba moja. Kimara na Kigamboni hazipo. Mlima Kilimanjaro, wenye mita 5,895, husawazishwa na nyanda zilizouzunguka ukabaki kilima cha wastani. Mawingu ya ngurumo, ambayo ndiyo yanayotuletea mvua nyingi, ni madogo kuliko chumba, kwa hiyo huingizwa kwa makadirio badala ya kukokotolewa yenyewe.

Hapo ndipo linapokuja swali la barazani: kama hawawezi kusema kwa uhakika mvua ya wiki ijayo, watajuaje mwaka 2050? Nalijibu kwa daladala. Hakuna anayeweza kukuambia leo kwamba Ijumaa ijayo daladala fulani itafika Ubungo saa kumi na moja na dakika saba jioni. Lakini yeyote anayeishi hapa anajua kwamba saa hiyo patakuwa na foleni, na anajua kwamba magari yakiongezeka maradufu bila barabara kupanuliwa, foleni itazidi. Utabiri wa wiki unataka kuijua daladala. Modeli ya tabianchi inataka kuijua foleni. Gesi zinazonasa joto, zikiongezeka angani, ni kama magari yale. Aidha modeli hazianzi kwa kubashiri, kwa maana kwanza huanzishwa katika miaka ya 1850 na kuachwa ziende hadi sasa, ili zionekane kama zinaweza kuifikia dunia tunayoijua. Kwa joto zimefaulu vizuri.

Kwa mvua ya Afrika Mashariki, hata hivyo, kuna doa ambalo haifai kulificha. Modeli nyingi zinasema eneo letu litapata mvua zaidi kadiri dunia inavyopata joto. Vipimo vya ardhini, kwa upande wao, vilionyesha kwamba tangu miaka ya 1980 masika zilikuwa zikipungua katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki. Wanasayansi wameliita jambo hili kitendawili cha tabianchi ya Afrika Mashariki. Sehemu ya jibu inajulikana: modeli nyingi huipa vuli mvua nyingi kuliko ilivyo na kuinyima masika, yaani zimekosea hata kalenda ambayo mkulima wa Ruvu anaijua kwa moyo. Kisha masika za 2018, 2020 na 2024 zikaja kubwa na kuvuruga tena mstari wa kushuka. Modeli mpya za vyumba vidogo, kama ile ya Idara ya Hali ya Hewa ya Uingereza yenye vyumba vya kilomita 4.5 juu ya Afrika nzima, zinazikokotoa ngurumo zenyewe, na zinaonyesha wakati ujao wenye mvua nzito zaidi zinapokuja na vipindi virefu zaidi vya ukavu katikati yake. Kwa mji ambao Jangwani hufurika kila mvua inapozidi, wastani wa mwaka mzima unatuambia machache sana kuliko ukali wa siku moja.

Tabia hiyohiyo ya kulichukua neno moja kama hukumu ndiyo inayotupotosha kwa El Niño, yaani hali ya maji ya Bahari ya Pasifiki karibu na Ikweta kupata joto kuliko kawaida. El Niño ya mwaka 1997 ilituletea mafuriko makubwa, na tangu hapo jina hilo likitajwa watu huanza kuhamisha magodoro. Ile ya mwaka 2015 ilikuwa na nguvu pia, lakini vuli yake haikufanana na ya 1997. Mwaka 2019 mvua zilizidi sana bila El Niño yenye nguvu, kwa sababu upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi, ndio wetu, ulikuwa na joto zaidi kuliko upande wa Indonesia. Mwaka 2023 vyote viwili vilikutana, na ni katika vuli hiyo, tarehe 3 Desemba, maporomoko ya tope yaliwaua makumi ya watu huko Hanang. El Niño huongeza uwezekano. Bahari yetu wenyewe ina neno lake.

Na uwezekano ndiyo lugha ya utabiri wote wa msimu. Kituo cha ICPAC, kinachohudumia nchi za Afrika Mashariki na Pembe ya Afrika kutoka Kenya, hutoa ramani zenye asilimia kwa kila eneo. Maana yake ni hii: chukua misimu 30 iliyopita, ipange kuanzia wenye mvua kidogo hadi wenye mvua nyingi, kisha igawe kumi kumi. Kumi ya mwisho ndiyo juu ya wastani. Kama hatujui lolote, kila fungu lina nafasi ya asilimia 33. Ramani ikisema asilimia 45 juu ya wastani, imesema kwamba mizani imeinama upande wa mvua nyingi, na wakati huohuo imesema kwamba uwezekano wa kutokuwa hivyo ni asilimia 55. Msimu mmoja mkavu hauwezi kuuthibitisha utabiri huo kuwa wa uongo. Unahitaji kukusanya misimu mingi iliyopewa asilimia 45 na kuona kama karibu nusu yake ilikuwa kweli ya mvua nyingi. Wala juu ya wastani haimaanishi kwamba mvua itagawanywa vizuri. Mahindi hufa kwa wiki tatu za jua hata kama jumla ya msimu imevuka kawaida.

Nilipomweleza bibi haya yote, kwa maneno machache kuliko niliyoyaandika hapa, alinisikiliza hadi mwisho kisha akauliza kama mvua za mwaka wa Uhuru, 1961, zimo katika hizo hesabu au zimebaki vichwani mwa wazee. Zimo. Wakati ule hapakuwa na Meteosat, ilikuwa bado miaka 16. Palikuwa na idara moja ya hali ya hewa iliyozihudumia Kenya, Uganda na Tanganyika, na wasomaji wa vituo waliotoka kila siku saa tatu asubuhi, wakamimina maji ya kipima mvua kwenye bilauri ya kupimia, wakainama hadi jicho likalingana na uso wa maji, wakaandika namba kwa mkono kwenye daftari. Siku ambazo hawakutoka zimebaki nafasi tupu, na hakuna setilaiti itakayorudi kuzijaza.